Sahani Ndiyo Iliyobaki Mkononi

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, hapa Nairobi, mbele ya wazazi, walimu na vijana. Waliokosa kufika waliomba maneno yenyewe, si muhtasari. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Wazee wetu, kina mama, kina baba, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango: hamjambo? Asanteni kwa kuziacha kazi za Jumamosi. Najua kuna aliyeacha nguo zimelowekwa kwenye karai, na kuna aliyemwachia mtoto kibanda cha mboga. Nitasema nilichokuja kusema.

Nimekuja na daftari. Hili hapa. Ni daftari la kawaida, la watoto wa shule. Ndani yake hakuna hesabu za biashara. Kuna chakula. Kila nilichotia kinywani kuanzia tarehe 9 Aprili 2020 kimeandikwa humu: nusu kikombe cha chai isiyo na sukari, vijiko vitatu vya kunde, ndimu moja, maji. Kando ya kila mstari kuna saa. Chini ya kila ukurasa kuna uzito wangu. Ukurasa wa kwanza unasema kilo 68. Ukurasa wa mwisho nilioandika mimi unasema kilo 53.

Mimi ni mwalimu wa sayansi kimu. Kazi yangu ni kuwaambia watoto wa watu kwamba mwili unahitaji wanga, protini, mafuta, vitamini na madini. Kwa hiyo hamuwezi kusema sikujua. Nilijua! Nilijua na bado nilijinyima, siku baada ya siku, na kila siku niliyojinyima nililala nikiwa na amani kidogo. Hiyo amani ndiyo iliyonileta hapa leo. Ilitoka wapi? Kwa nini mtu ambaye dunia yake inatikisika hukimbilia sahani yake?

Turudi nyuma kidogo. Mnakumbuka Machi 2020? Tarehe 13 tukatangaziwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tarehe 15 shule zikaamriwa kufungwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza. Tarehe 6 Aprili, Nairobi ikafungwa: hakuna kutoka, hakuna kuingia. Shule niliyokuwa nikifundisha ilikuwa ya binafsi, na karo isipolipwa mwalimu naye halipwi. Mama yangu yuko Kitui, ana presha. Kila alasiri tulikaa mbele ya runinga tukisubiri kusomewa idadi: leo wangapi wamepatikana, leo wangapi wamefariki. Nani kati yenu hakuwa akisubiri ile idadi?

Sikuweza kuifungua barabara ya Kitui. Sikuweza kuifungua shule. Sikuweza kuviambia virusi vipite kando ya nyumba ya mama. Lakini niliweza kukataa chapati. Nisikilizeni vizuri hapo. Niliweza kukataa chapati, na nilipoikataa, kwa mara ya kwanza tangu Machi, kulikuwa na jambo moja nililoliamuru likatii.

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, msomi mmoja Mpoland aitwaye Bronisław Malinowski aliishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand, kule Bahari ya Pasifiki karibu na Papua New Guinea. Wavuvi wale walikuwa na sehemu mbili za kuvua. Kulikuwa na wangwa ndani, maji yaliyotulia, ambako samaki walipatikana bila hatari na bila shaka yoyote. Na kulikuwa na bahari kuu nje, ambako mtu anaweza kupata samaki tele, au asipate hata mmoja, au asirudi. Malinowski aliona kwamba walipovua ndani ya wangwa hawakufanya uganga wowote. Walitegemea ujuzi wao tu. Walipotoka kwenda bahari kuu, ndipo miiko na makago yalipoanza. Watu ni wale wale, akili ni ile ile. Kilichobadilika ni maji.

Sasa niambieni, Aprili 2020, sisi tulikuwa kwenye maji gani?

Ndiyo maana sikumcheka mtu yeyote aliyechemsha ndimu, tangawizi na kitunguu saumu asubuhi na jioni. Mama mboga wangu, ambaye miaka yote alikuwa akiniongezea ndimu moja bure, mwezi ule alizihesabu mbele yangu moja moja kama mtu anayehesabu noti. Watu walizitaka. Je, ndimu zilizuia korona? Hazikuzuia. Lakini mtu aliyekuwa akikamua ndimu hakuwa amekaa mikono mitupu. Tuna msemo, mfa maji haachi kutapatapa, na mara nyingi tunausema kwa dharau. Mimi siutamki tena kwa dharau. Kutapatapa ndiyo kazi ya mwili ambao haujakubali kufa.

Naomba mnivumilie na mifano miwili ya kitaalamu, kisha nirudi nyumbani. Mwaka 1975, mwanasaikolojia wa Marekani, Ellen Langer, alichapisha matokeo ya majaribio kadhaa. Katika jaribio moja, wafanyakazi wa ofisi walinunua tiketi za bahati nasibu kwa dola moja. Wengine waliachwa wachague tiketi wenyewe, wengine walipewa tu. Baadaye wakaulizwa wangeziuza kwa bei gani. Waliopewa walitaka kama dola mbili. Waliochagua wenyewe walitaka zaidi ya dola nane. Tiketi ni zile zile, bahati ni ile ile! Lakini mkono uliochagua uliamini umeongeza kitu.

Mngeweza kusema, basi binadamu ni mjinga. Ngojeni. Mwaka uliofuata, 1976, Langer na mwenzake Judith Rodin walichapisha utafiti mwingine, kutoka nyumba ya kutunzia wazee katika jimbo la Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa maamuzi mengi ni yao, na kila mmoja akapewa mmea autunze mwenyewe. Wazee wa ghorofa nyingine walipewa mimea pia, lakini wakaambiwa wauguzi ndio watakaoimwagilia maji. Baada ya wiki chache, wale waliomwagilia wenyewe walikuwa wachangamfu zaidi, wenye furaha zaidi. Kumwagilia mmea! Kwa hiyo hamu ya kuwa na amri juu ya kitu fulani si ujinga wala si kiburi. Mwili wenyewe unaidai. Mtu akinyang'anywa amri kila upande, ataitafuta mahali ilipobaki.

Na mara nyingi imebaki wapi? Sahanini.

Kwa nini sahani, kwa nini si viatu au mapazia? Mama yeyote aliyelea mtoto wa miaka miwili anajua jibu. Mtoto yule hachagui aende wapi, avae nini, aoge lini. Anabebwa, anawekwa, anafungwa kamba. Lakini ukimletea kijiko cha uji, anafunga mdomo. Anaufunga kabisa, anageuza uso. Pale ndipo mamlaka yake yanapoanzia, na wewe mama mtu mzima, mwenye nguvu zote, unasimama na kijiko chako hewani. Kinywa ni mlango ambao mwenyewe ndiye bawabu. Na mlango huo unabishiwa hodi mara tatu kwa siku. Barabara ya Kitui ilinikatalia kwa miezi mitatu. Sahani ilinitii mara tatu kwa siku.

Halafu kuna jambo la ndani zaidi. Tunaamini, hata tusiposema, kwamba kinachoingia mwilini kinakuwa sisi. Mnakumbuka bibi zetu walivyomkataza mama mjamzito mayai, eti mtoto atakuwa mkubwa mno ashindwe kuzaliwa? Mnakumbuka miiko ya kuku kwa wanawake kule Magharibi mwa Kenya? Na msiseme hayo ni ya kale na ya vijijini. Mwaka 1989 Carol Nemeroff na Paul Rozin walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu, watu wa vitabu. Waliwapa habari za kabila la kubuni. Wengine wakasoma kwamba kabila hilo hula nguruwe mwitu, wengine wakasoma hula kobe wa baharini. Kisha wakaulizwa: watu hawa wakoje? Waliosoma habari za nguruwe walielekea kusema ni wakimbiaji. Waliosoma za kobe walielekea kusema ni waogeleaji. Hakuna aliyewaambia hivyo. Ilikuwa imo ndani yao tayari.

Sasa chukua imani hiyo, iweke katikati ya hofu kubwa. Mwaka 1832 kipindupindu kilifika New York. Hakuna aliyejua kinaenezwaje. Mhubiri mmoja, Sylvester Graham, akasimama mbele ya umati akawaambia: acheni nyama, acheni pombe, acheni viungo vikali, kuleni mkate wa ngano isiyokobolewa. Watu wakamfuata kwa wingi. Kuhusu ngano isiyokobolewa alikuwa na hoja. Hata leo ningemwunga mkono darasani. Lakini kipindupindu kilikuwa kwenye maji. Mwaka 1854, daktari John Snow wa London alikifuatilia hadi kwenye pampu moja ya maji ya mtaa. Nisikilizeni, wazazi: Graham aliwapa watu kitu cha kushika mkononi. Pampu hawakuiona, na kama wangeiona, mtu mmoja mmoja asingeweza kuitengeneza. Nairobi hii tumekiona kipindupindu zaidi ya mara moja, na mnajua ni rahisi zaidi kumwambia mtu abadilishe anachokula kuliko kumtengenezea bomba la maji taka.

Nakuja kwenye sehemu inayoniuma.

Kile unachokishika ili usizame kinaweza kukushika wewe. Mnamo Novemba 1944, vita vya dunia vikiwa bado vinaendelea, vijana 36 wa Marekani walijitolea kwenda Chuo Kikuu cha Minnesota ili wanyimwe chakula. Walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri, na walitaka kusaidia kwa njia nyingine: Ulaya ilikuwa na njaa, na madaktari hawakujua vizuri namna ya kumrudisha mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu. Mtaalamu Ancel Keys akawapima. Baada ya miezi mitatu ya chakula cha kawaida, kuanzia Februari 1945, kwa wiki 24, walikula nusu tu ya walichozoea, viazi, mkate mweusi, makaroni. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Hilo lilitarajiwa. Lakini angalieni yaliyotokea akilini. Vijana waliokuja wakizungumza siasa, dini na amani ya dunia waliacha kuzungumza hayo yote. Walizungumza chakula. Walikokota mlo mmoja kwa muda mrefu. Walilamba sahani. Walihisi baridi wakati wa joto. Walijitenga, walinuna, hamu ya wanawake iliwatoka. Na wengine, ambao hawakuwa wapishi hata kidogo, walianza kukusanya vitabu vya mapishi.

Niliposoma habari hiyo nilikaa chini nikalia. Kwa sababu Mei 2020, usiku, saa sita, saa saba, nilikuwa nimekaa kitandani nimejifunika blanketi mbili, nikinakili mapishi. Pilau. Biriani. Maandazi ya iliki. Nilidhani najiandaa kwa ajili ya wanafunzi shule zikifunguliwa. Nywele zilikuwa zikibaki kwenye kitana. Nilidhani ni mafuta mabaya. Yote niliyodhani ni mawazo yangu huru yalikuwa ni njaa inayosema kwa sauti yangu.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja. Simtaji jina, na shule siitaji. Alikuwa kidato cha nne, msichana mwerevu, baba amehama nyumbani, karo haijulikani itatoka wapi, mtihani wa kitaifa unakuja. Aliacha nyama, tukamsifu kwa nidhamu. Akaacha wali. Akaacha kula na wenzake bwenini, akawa anasema amekwisha kula. Alivaa sweta juani. Siku zake za mwezi zilikoma, akanyamaza. Nilipomwita ofisini kwangu nilimuuliza swali baya, swali ambalo sisi sote huuliza: "Kwa nini huli?" Akaniangalia akanijibu, "Mwalimu, hii ndiyo hesabu pekee ninayojua jibu lake."

Tafadhalini, wazazi. Mtoto akikwambia hivyo, usimwambie ana deko. Usimwambie watoto wa kwingine wanakufa njaa. Usimwambie huo ni ugonjwa wa wazungu, kwa sababu nimeuona hapa hapa, kwa watoto wetu weusi, kwenye mabweni yetu. Kujinyima kwa namna hii kunaua. Miongoni mwa magonjwa ya akili, huu ni mmoja wa yale yanayoongoza kwa vifo. Ukiona mtoto anakonda, anaepuka kula mbele ya watu, anahisi baridi kila wakati, anazimia, siku zake zimekoma, mpeleke hospitali mapema, na umwambie daktari waziwazi kuhusu chakula. Usimpeleke nyumbani ukamshindilia pilau kwa siku moja. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishindiliwa chakula ghafla, madini kwenye damu huporomoka na moyo unaweza kusimama. Arudishwe polepole, chini ya macho ya wauguzi.

Msichana yule alitibiwa, akazungumza na mshauri kwa miezi mingi. Sasa ni mtu mzima na anafanya kazi. Bado hapendi kula akitazamwa. Sitawaambia alipona siku moja kwa neno moja.

Wala si wasichana peke yao. Vijana wa kiume mlioko kule nyuma, nawaona. Kuna kijana wa mtaani kwetu alimaliza chuo, amepeleka barua za kazi hadi amechoka, na sasa ana mizani ya jikoni. Anapima kuku. Anahesabu mayai. Hagusi ugali wa mama yake. Mama yake alinijia akilia kwamba mtoto amemdharau. Nikamwambia, Mama, hajakudharau. Ameomba kazi kwa watu hamsini wakanyamaza. Yai halinyamazi. Anakula, msuli unajibu.

Na wale wanaowauzia unga wa kusafisha mwili, chai za kutoa sumu, vidonge vya kukausha tumbo, wakijua kabisa kwamba mnaogopa, hao wanafanya dhambi. Mwili una ini na una figo. Hizo ndizo zinazosafisha, bure.

Sasa niwaeleze kuhusu jirani yangu.

Tuliishi ploti moja mtaa wa Umoja, mlango kwa mlango. Alikuwa akifua nguo nyumba za watu upande wa South B, kibarua cha siku kwa siku. Virusi vilipoingia, waajiri wakamwambia asiingie nyumbani kwao. Ana watoto watatu. Wakati wa kafyu tulikuwa tukikaa kila mtu kizingitini kwake tukizungumza. Siku moja nikamwona anawapakulia watoto, yeye hajipakulii. Nikamuuliza. Akasema, "Jioni siku hizi sili. Napunguza mwili."

Nikampenda. Nawaambia ukweli, nilimpenda kwa neno hilo. Nikaona nimepata mwenzangu. Yeye hakula jioni, mimi nikaondoa jioni. Yeye alikunywa chai kavu asubuhi, mimi nikaondoa maziwa. Nikawa namtazama kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu.

Mwisho wa Aprili Ramadhani ikaingia. Ghorofa ya juu kulikuwa na familia ya Waislamu, na mwaka ule misikiti ilikuwa imefungwa, kwa hiyo walifuturu nyumbani. Jioni moja baada ya Magharibi binti yao akashuka na sahani imefunikwa: mbaazi za nazi, viazi karai, kaimati, tende mbili. Akasema, "Mwalimu, Mama amesema ufuturu nasi." Ilikuwa saa moja na nusu usiku. Sheria ya daftari langu ilisema hakuna chakula baada ya saa nane mchana. Nikashukuru, binti alipopanda ngazi nikaivusha ile sahani hadi kwa jirani yangu. Nikamwambia, "Wape watoto." Sahani ilirudi baada ya dakika kumi, imeoshwa, imekaushwa. Sikuelewa chochote.

Nimeifikiria sana saumu ya ile familia. Walijinyima kuliko mimi: hawakunywa hata maji mchana. Lakini saumu yao ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Walijua jua likizama wanakula, na mwezi ukiandama mwezi umekwisha. Mgonjwa ameruhusiwa asifunge. Msafiri ameruhusiwa. Mjamzito akihofia nafsi yake au mtoto ameruhusiwa. Na waliposhika njaa waliishika pamoja, kisha wakakumbuka jirani wa chini. Wakristo wenzangu, Kwaresima nayo ina Pasaka yake. Daftari langu halikuwa na Idi wala Pasaka. Halikuwa na ruhusa ya mgonjwa. Na ndani yake nilikuwa peke yangu.

Tarehe 11 Julai, siku nne baada ya Nairobi kufunguliwa, nilikuwa nimekaa kizingitini nikihisi kizunguzungu. Nikamwambia jirani yangu, "Nifundishe. Mwili wako umekubalije? Wangu usiku unanisumbua."

Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Mwalimu, mimi sipunguzi mwili. Mimi sina."

Sina. Neno moja tu.

Nilimuuliza kwa nini aliniambia anapunguza. Akajibu, na jibu hili nimelibeba miaka yote hii: "Nikikwambia sina, utanionea huruma. Nikikwambia napunguza, utaniona mtu aliyeamua."

Mnaelewa kilichokuwa kikitendeka kwenye vile vizingiti viwili? Yeye alinyang'anywa chakula, akaivisha njaa yake vazi la uamuzi ili abaki na heshima. Mimi nilikuwa na unga kilo nne kabatini, nikaenda nikaiiga njaa yake nikidhani ni nidhamu. Miezi miwili nilikaa na mtu mwenye njaa, nikamwomba anifundishe njaa.

Ni wangapi hapa ukumbini wamewahi kusema "nimeshiba" wakati sufuria haitoshi? Sitaki mikono. Mwaka 2017 unga ulipopotea madukani hadi serikali ikauza pakiti ya kilo mbili kwa shilingi 90, na mwaka 2022 pakiti hiyo hiyo ilipopita shilingi 200, ni mama wangapi mtaani mwetu waliambia watoto, "Mimi siku hizi ugali haunipendi"? Mwaka 2024, mswada wa fedha ulipotaja kodi ya asilimia 16 kwenye mkate, watu walikasirika, na Juni kodi hiyo ikaondolewa. Ukigusa mkate umeingia mahali ambapo mtu alidhani bado ni pake.

Kwa hiyo mtu akikwambia ameacha chakula fulani, usikimbilie kumpongeza kama nilivyofanya, wala usikimbilie kumkemea. Muulize anaogopa nini. Kisha nyamaza umsikilize hadi mwisho. Huenda akakutajia mama aliye mbali, au kazi, au ndoa. Huenda akasema sina.

Jirani yangu yuko hapa leo. Amenikataza nimwonyeshe kwa kidole, nami namheshimu. Jioni ile aliniambia lile neno, nilitoa unga, yeye akatoa makaa na sukuma wiki za kuchuma nyuma ya ploti, akawasha jiko kati ya milango yetu miwili. Tulipika ugali mmoja. Ilikuwa saa mbili usiku. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka, nikala kidogo, kidogo sana, na watoto wake wakinitazama kwa sababu hawakuwahi kuniona nikila jioni. Tulipomaliza nikaingia ndani, nikatoka na daftari kama kawaida, nikaandika tarehe. Kalamu ikasimama. Sikujua niandike nini, kwa sababu sikuwa nimepima wala kuhesabu.

Akanyoosha mkono, akaichukua kalamu. Ukurasa huo ninao hapa, nitawasomea, ndio wa mwisho. Una tarehe kwa mwandiko wangu, na chini yake mwandiko wake, herufi kubwa za mtu aliyeacha shule darasa la tano. Umeandikwa: Mwalimu amekula. Na mimi nimekula.